Kompyuta mpakato ya video na tovuti kwa sh. 1,300,000: jibu kwa msomaji wa Nkuhungu

Swali: “Shikamoo mwalimu. Ninaishi Nkuhungu, Dodoma, na mwaka jana nilihitimu stashahada ya medianuwai. Ninapiga na kuhariri video za sendofu, kicheni pati na harusi, na sasa nimeanza kutengeneza tovuti za nyumba za wageni na za wauzaji wa mvinyo. Nina sh. 1,300,000. Dukani nimeonyeshwa kompyuta mbili: ya kwanza ni mpya kabisa, ina Celeron, RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 128; ya pili ni EliteBook 840 G3 iliyotumika, ina stika ya i7, RAM ya GB 8 na SSD ya GB 256. Rafiki yangu mmoja anasema bila kadi ya NVIDIA nisijisumbue na video. Mwingine anasema nipande treni niende Kariakoo. Nichukue ipi?”

Marahaba, mdogo wangu. Usichukue hata moja kati ya hizo mbili. Fedha uliyonayo inatosha kununua mashine itakayobeba kazi zako zote, lakini itakubidi utafute iliyotumika ya daraja la maofisini, yenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya kizazi cha 8 au cha juu zaidi, yenye kioo kizuri, na ambayo ukilegeza skrubu za chini unakuta RAM (kumbukumbu ya kazi inayoendelea) na diski vimechomekwa, si vimechomelewa. Hilo la mwisho ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, kwa sababu mtu mwenye bajeti ndogo hanunui uwezo wa leo peke yake. Ananunua pia nafasi ya kuongeza uwezo huo pale mteja wa tatu au wa nne atakapokuwa amelipa.

Nianze na hiyo mpya, maana najua kinachovuta ni ule upya wenyewe: nailoni haijabanduliwa, betri haijachoka, na kibodi haina herufi iliyofutika. Lakini prosesa za Celeron zinazowekwa kwenye mashine za bei hiyo, kwa mfano N4020, zina viini 2 tu (sehemu za prosesa zinazogawana kazi) na zimesanifiwa kutumia wati 6, kiasi kinachofaa kuandika barua na kutazama video, si kuitengeneza. Hifadhi ya GB 128 katika mashine za namna hiyo kwa kawaida si SSD, yaani hifadhi ya kasi, bali ni eMMC, ambayo kwa tabia ni ndugu wa memori kadi ya simu, nayo imechomelewa juu ya bodi. RAM ya GB 4 mara nyingi imechomelewa vilevile. Windows 11 peke yake, kabla hujafungua chochote, hula sehemu kubwa ya GB 4 hizo. Ukishafungua kivinjari na VS Code, programu ya kuandikia tovuti, mashine itaanza kutumia hifadhi yake ya polepole kama RAM ya akiba, na kila utakachobofya utakingoja. Hakuna fundi atakayekuondolea shida hiyo, kwa kuwa hakuna cha kuchomoa wala cha kuchomeka.

Hiyo ya pili ina umbo linalofaa lakini umri wake umepita. EliteBook 840 G3 ni mashine imara na inafunguka vizuri. Tatizo lake ni prosesa ya kizazi cha 6, na stika ya i7 ndiyo inayolificha tatizo hilo. Wengi wetu tumezoea kuamini kwamba i7 ni kubwa kuliko i5 popote zilipo, kama noti ya elfu kumi ilivyo kubwa kuliko ya elfu tano. Alama hizo, hata hivyo, zinalinganisha prosesa za kizazi kimoja na za aina moja tu. Katika mashine nyembamba za ofisini, i7 ya kizazi cha 6, kwa mfano i7-6600U, ina viini 2, na i7-7500U ya kizazi cha 7 nayo ina viini 2. Mwaka 2017, Intel walipotoa kizazi cha 8 kwa ajili ya mashine hizo, waliongeza viini hadi 4 hata katika i5 ya kawaida kama i5-8250U, huku kadirio la matumizi ya umeme likibaki wati 15 zilezile. Kuhariri video, hasa ile hatua ya mwisho ya kutoa faili lililokamilika, ni kazi inayogawanyika vizuri miongoni mwa viini, kwa hiyo i5 ya kizazi cha 8 huiacha nyuma i7 ya kizazi cha 6 bila ubishi.

Nalisema hili nikiwa nimelilipia. Mwaka 2018 nilitoa akiba ya miezi mingi kununua mashine yenye i7-7500U, muuzaji akiwa ameniapia kwamba kwa bei ile hakuna cha juu zaidi. Baadaye kijana niliyekuwa nikimfundisha alikuja na i5-8250U aliyoipata kwa fedha pungufu kuliko yangu, tukaweka mradi uleule wa harusi kwenye mashine zote mbili, tukabonyeza kwa pamoja. Yake ilipomaliza, yangu ilikuwa bado katika asilimia sitini na kitu. Tangu siku hiyo sijanunua wala kumshauri mtu anunue kompyuta kabla ya kusoma namba kamili ya prosesa.

Namba hiyo haihitaji utaalamu kuisoma. Tarakimu inayofuata baada ya kistari ndiyo kizazi: i5-8350U ni kizazi cha 8, i5-6300U ni cha 6; kuanzia kizazi cha 10 utaona tarakimu mbili, kama i5-10310U, au i5-1135G7 ambayo ni ya kizazi cha 11. Kwa upande wa modeli, EliteBook 840 G5 na G6, ThinkPad T480 na T490, na Latitude 5490 na 7490 ndizo ambazo kwa kawaida huja na kizazi cha 8. Hata hivyo usiishie kwenye jina la modeli, kwa sababu baadhi ya T480, 7490 na 840 G5 zilitoka kiwandani na prosesa za kizazi cha 7, nazo zimo sokoni pamoja na wenzake. Mwambie muuzaji awashe, ubonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ufungue sehemu ya utendaji (Performance), na jina la prosesa litajitokeza juu upande wa kulia.

Kuna sababu nyingine ya kung'ang'ania kizazi cha 8. Microsoft walisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi haikubali prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi hicho, isipokuwa chache sana. Wapo mafundi wanaoweza kuilazimisha ikakaa kwenye G3, na itawaka, lakini wewe utakuwa umeshika nywila za tovuti za wateja, na si vema mashine inayobeba dhamana ya watu ikose uhakika wa masasisho ya usalama.

Sasa RAM. Lengo lako liwe GB 16, na ikiwezekana ziwe vipande viwili vya GB 8 badala ya kimoja cha GB 16. Mashine isiyo na kadi ya grafiki ya peke yake huazima RAM kwa ajili ya picha na video, na vipande viwili vikifanya kazi sambamba huipa njia mbili za kupitishia data badala ya moja. Tofauti yake huonekana wazi unapocheza video ndani ya programu ya kuhariria. T480, 840 G5 na Latitude 7490 zina sloti 2 za RAM aina ya DDR4. T490 ina RAM moja iliyochomelewa na sloti moja, ambayo bado si mbaya. X1 Carbon na nyingi kati ya mashine nyembamba sana zimechomelewa zote, kwa hiyo utakachonunua siku ya kwanza ndicho utakachobaki nacho. Ukikuta mashine nzuri yenye kipande kimoja cha GB 8 na sloti moja tupu, hiyo ni bahati. Ichukue, ongeza kipande cha pili.

Usidhani kwamba kazi ya tovuti ni nyepesi kiasi kwamba GB 8 zitatosha daima. Kwa kurasa za HTML na CSS, WordPress inayoendeshwa kwa XAMPP (seva ya majaribio ndani ya kompyuta yako), VS Code na kivinjari chenye vichupo kumi, GB 8 zitakuvusha. Lakini siku utakapoanza kutumia Docker, programu ya kuendeshea kila tovuti katika kasha lake, kwenye Windows, itafanya kazi juu ya WSL 2, yaani Linux ndani ya Windows, ambayo kwa mpangilio wake wa kawaida inaruhusiwa kuchukua hadi nusu ya RAM yote ya mashine. Ukiwa na GB 8, nusu ni GB 4, na Windows na kivinjari vitagombania nusu iliyobaki.

Nije kwenye kioo, jambo ambalo wanunuzi wengi hulipita haraka mno. Vioo vya ofisini vilinunuliwa na makampuni kwa ajili ya watu wanaojaza majedwali, kwa hiyo T480 na Latitude kadhaa zinazoingia nchini zina kioo cha piseli 1366 kwa 768. Kwenye kioo hicho programu ya kuhariria video haina pa kukaa: ukifungua mistari ya muda, dirisha la video linabaki dogo kama kadi ya mwaliko. Tafuta 1920 kwa 1080 na usikubali kushuka. Kisha jaribu aina ya kioo chenyewe. Fungua picha ya mtu mwenye ngozi nyeusi kama yetu aliyevaa nguo nyeupe, halafu rudisha kioo nyuma taratibu, uje nacho mbele, ukitazame na kutoka pembeni. Kama uso unageuka kijivu au kivuli cha shingoni kinapotea, hicho ni kioo cha TN, kiache. Kioo cha IPS kitafifia kidogo lakini uso utabaki uso.

Hata IPS nyingi za ofisini hazionyeshi rangi zote. Kuonyesha asilimia 60 hadi 65 tu ya sRGB, kipimo cha rangi kinachotumiwa kwenye tovuti, ni jambo la kawaida. Niliwahi kuletewa video na mpiga picha mmoja aliyekuwa amegombana na mteja wake. Mama wa bibi harusi alikuwa amevaa kilemba cha rangi ya chungwa. Kwenye kioo cha yule bwana kilemba kilionekana kimepauka, naye akawa anaongeza rangi hadi macho yake yakaridhika. Mteja alipoifungua kwenye simu, kilemba kilikuwa kinawaka, na nyuso za wakwe wote zimekuwa nyekundu. Hakuwa mzembe, kioo kilimdanganya. Kwa bajeti yako huwezi kukwepa jambo hili kabisa, kwa hiyo jiwekee desturi ya kutuma kipande cha sekunde thelathini kwenye simu mbili tofauti kabla hujatoa kazi nzima, na baadaye, fedha ikipatikana, nunua kioo cha mezani cha IPS kilichotumika na ukichomeke kwa HDMI.

Kuhusu hifadhi, fanya hesabu kabla ya kumsikiliza muuzaji. Kamera inayorekodi 1080p kwa kasi ya megabiti 50 kwa sekunde hujaza MB 375 kila dakika, yaani GB 22.5 kwa saa. Harusi uliyoirekodi kwa saa tatu itakuletea karibu GB 68 kabla hujaongeza muziki wala picha. SSD ya GB 256 ikishabeba Windows na programu zako, harusi mbili zitaifikisha ukingoni, na SSD iliyojaa hupunguza kasi. Ninashauri SSD ya GB 512 ndani ya mashine kwa kazi zinazoendelea, na diski ya nje ya TB 1 kwa kazi zilizokwisha na kwa nakala ya pili. Nakala hiyo ya pili iwe kama ibada: ukirudi nyumbani kutoka ukumbini, kabla ya kulala, video ziwe sehemu mbili. Harusi hairudiwi kwa sababu diski ya mpiga video imekufa.

Rafiki yako aliyetaja kadi ya grafiki ya NVIDIA hakukosea, ila amelikuza jambo. Prosesa za kizazi cha 8 zina sehemu maalumu ndani yake ya kusimbua video za H.264 na HEVC, ambazo ndizo aina zinazotoka kwenye simu na kamera nyingi, na programu kama Premiere, Kdenlive na Shotcut zinaweza kukata na kuunganisha video za 1080p juu yake bila kadi ya ziada. DaVinci Resolve ni habari nyingine: inategemea sana kadi ya grafiki, na kwenye grafiki ya UHD 620 iliyomo ndani ya prosesa za kizazi cha 8 itakusumbua.

Ukipewa video za 4K, tumia proksi. Hii ni njia ambayo ningependa kila mhariri mwenye mashine ya kawaida aijue, kwa sababu nimeona vijana wakikopa fedha kununua kadi za grafiki kwa ajili ya tatizo ambalo programu zao tayari zilikuwa na dawa yake. Unaiambia programu itengeneze nakala ndogo za video zako, tuseme za 1280 kwa 720. Unazikata na kuzipanga hizo nakala nyepesi. Na wakati wa kutoa faili la mwisho, programu yenyewe inarudi kwenye video halisi za 4K. Mteja anapata ubora kamili. Kutengeneza nakala hizo huchukua muda, lakini ni muda wa mashine, si wako: iache usiku na chaja ukalale. Utoaji wa faili la mwisho nao utakuwa wa polepole kuliko kwenye mashine yenye NVIDIA, na hilo lipangie ratiba, usimwahidi mteja kazi ya Jumamosi ikabidhiwe Jumapili asubuhi.

Kama ungekuwa unatengeneza katuni za 3D kwa Blender, au unapanga rangi za video za 4K siku nzima, ningekuambia vingine: ngoja, ongeza fedha, tafuta Dell Precision, HP ZBook au ThinkPad ya mfululizo wa P iliyotumika, au mashine ya michezo yenye GTX 1650 ya GB 4. Lakini mashine hizo ni nzito, zinahitaji chaja kubwa, zinatoa joto jingi na betri yake haidumu hadi mwisho wa hafla, na wewe unabeba begi kwenye bodaboda kutoka Nkuhungu. Njia ya katikati ni kizazi cha 11, kama EliteBook 840 G8 au Latitude 5420, ambazo zina grafiki za Iris Xe, zenye nguvu kuliko UHD 620 kwa kiwango utakachokiona mara moja. Hizo hudai RAM mbili sambamba ili Iris Xe ifanye kazi ipasavyo. Ukiikuta moja ndani ya bajeti, ikiwa na afya, iweke mbele ya nyingine zote nilizotaja.

Wapo watakaokutajia MacBook Air ya M1, ya mwaka 2020. Kwa video ni mashine bora sana. Ila ile ya kawaida ina RAM ya GB 8 na hifadhi ya GB 256, zote zimechomelewa, na inayouzwa bei ya kutamanisha kupita kiasi huenda bado imefungwa na akaunti ya mwenyewe wa kwanza. Kwa fedha yako ya sasa sikushauri.

Jambo ambalo hutalisoma kwenye karatasi za watengenezaji ni vumbi letu. Wiki chache zilizopita nilifungua T480 ya kijana wa Ng'ong'ona aliyelalamika kwamba mashine inazima yenyewe akiwa katikati ya kutoa video. Nilipotoa kava la chini na kuinua feni, kati ya feni na mapezi ya shaba kulikuwa na kitu kama kipande cha blanketi, chekundu, kimeshikana kiasi kwamba nilikitoa kizima kwa kibano. Pesti inayopakwa juu ya prosesa ili kupitisha joto ilikuwa imekauka na kuwa unga. Mashine haikuwa mbovu, ilikuwa inakosa hewa, na prosesa inayochemka hupunguza kasi yake kwanza na kuzima baadaye ili isiungue. Tulisafisha kwa bloa na brashi laini, tukapaka pesti mpya, ikarudi kazini. Katika miezi ya kiangazi, upepo unapopiga vumbi kuanzia asubuhi, mashine inayofanya video isafishwe kila baada ya miezi minne hivi, na usiitumie juu ya godoro wala blanketi. Hii ni sababu nyingine ya kutaka mashine inayofunguka kwa skrubu chache.

Siku ya kununua, nenda mapema, nenda na flashi yenye video zako mwenyewe, na umwombe muuzaji saa nzima. Anayekunyima saa moja kwa fedha ya zaidi ya nusu milioni, muage. Kwanza washa mashine na uingie kwenye mipangilio ya BIOS, ile ya msingi inayofunguka kabla ya Windows. Ikidai nywila ambayo muuzaji haijui, iache hapo hapo, kwani huenda ni mali ya kampuni ambayo imeifunga kwa mbali, au ni ya wizi. Kisha ndani ya Windows fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, na ufungue faili litakalotengenezwa. Humo utaona uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo inaoweza kujaza sasa. Ikiwa cha pili ni chini ya asilimia 60 ya cha kwanza, hesabu bei ya betri mpya kama sehemu ya bei ya mashine na upatane upya. Tazama pia kama kipanya cha mguso kimeinuka au kava la chini halikai sawa mezani. Hiyo ni dalili ya betri iliyovimba, na betri iliyovimba ni hatari ya moto, haijadiliwi.

Baada ya hapo cheza video yako nzito kwa dakika ishirini mashine ikiwa kwenye chaja, na nyingine kumi ikiwa imechomolewa. Sikiliza feni: mvumo ni sawa, mkwaruzo si sawa. Wakati inacheza, jaribu kila herufi ya kibodi, kila tundu la USB, HDMI, kamera, spika na tundu la chaja, ukilitikisa kidogo waya uone kama umeme unakatika. Fungua picha nyeupe tupu na nyeusi tupu zijaze kioo, utafute madoa. Ukikubaliana na bei, dai risiti ya EFD na uhakikishe namba ya mashine iliyo kwenye kava la chini imeandikwa kwenye risiti, pamoja na muda wa kuirudisha ikiwa na hitilafu, hata kama ni siku saba tu. Maneno ya mdomo dukani huisha unapovuka mlango.

Hilo linanileta Kariakoo. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, safari imekuwa nyepesi kiasi kwamba watu wanaihesabu kama kwenda sokoni Majengo. Chaguo la Dar es Salaam ni pana, sikatai. Lakini jumlisha nauli ya kwenda na kurudi, chakula, na siku moja ya kazi. Na kubwa kuliko hayo, fikiria kioo kikianza kuchezacheza siku ya tano. Muuzaji wa hapa utamfuata kwa bodaboda. Zungukia kwanza maduka ya katikati ya mji kwa siku mbili tatu, ukiwa na majina ya modeli niliyokuandikia, na wengi watakuagizia ukiwaambia bayana unachotaka. Nenda Dar ukiwa tu umeshindwa kabisa kupata hapa, na ukienda, nenda na mtu anayejua duka, si mtu aliyekudaka mtaani akikuambia “njoo dada, bei za jumla.”

Fedha yako igawe hivi: isiyozidi sh. 900,000 kwa mashine yenyewe, na laki nne zilizobaki ziwe za kipande cha RAM, diski ya nje, na kifaa cha kulinda mashine dhidi ya umeme unaopanda ghafla unaporudi baada ya kukatika. Kama hazitoshi vyote kwa pamoja, anza na diski ya nje, RAM ifuate. Usitumie zote 1,300,000 kwenye mashine kwa sababu tu unazo mkononi.

Ukiipeleka nyumbani, jambo la kwanza ni kuifuta na kuweka Windows upya kutoka kwa Microsoft wenyewe. Mashine za ofisini mara nyingi huwa na leseni ya Windows ndani ya bodi, na itajitambua ikishaunganishwa kwenye intaneti. Programu za kulipia zilizovunjwa leseni ambazo duka limekuwekea “kama zawadi” ziondoke zote, kwani hizo ndizo mlango ambao virusi hupitia kufikia nywila za wateja wako. Kwa kuanzia, Kdenlive au Shotcut kwa video, GIMP na Inkscape kwa picha na nembo, na VS Code kwa tovuti hazikudai hata senti, na kazi utakayoitoa humo mteja hatauliza imetoka wapi.

Kabla hujalipa, piga picha namba ya modeli kwenye kava la chini, dirisha linaloonyesha jina la prosesa, na ule ukurasa wa kwanza wa ripoti ya betri, unitumie zote tatu. Nitakujibu ukiwa bado dukani.